Mazoezi Yafanyike Hadharani

Toleo hili linahusu tamthilia zinazosimulia historia ya mji na kuigizwa na wenyeji wenyewe. Mara nyingi mtaalamu huwahoji wazee, akajifungia kuandika, kisha akawaletea wenyeji maneno ya kukariri. Kwa mtindo huo wanabaki midomo tu. Msimamo wetu ni kwamba mswada uendelee kusahihishwa hadi karibu na siku ya onyesho, na mazoezi yafanyike mbele ya yeyote atakaye kuyatazama, maana hapo ndipo historia ya mji inapopimwa na wanaoijua.

Ushahidi wetu mkuu ni Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, kijiji kilichoundwa na wakoloni miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka huko rasimu ya tamthilia yao, Ngaahika Ndeenda. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani hawakuipokea kama msahafu. Wazee walikosoa Kigĩkũyũ chake, na wanaolipwa ujira walieleza jinsi jasho lao linavyogeuka faida ya mwajiri. Katika mchezo huo mhusika Kĩgũũnda ametundika ukutani hati ya shamba lake la ekari moja na nusu, na baadaye anapoteza shamba hilo kwa mkopo wa harusi. Katika eneo ambalo walowezi walikuwa wametwaa ardhi, karatasi ile haikuhitaji maelezo.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu hugongana na kila ukoo hujisifu. Ni kweli. Lakini anayejikweza hadharani hupingwa palepale na jirani yake, ilhali nyaraka za Hali ya Hatari ziliandikwa kwa sehemu kubwa na waliokuwa wakiwafunga watu. Tarehe zilinganishwe na nyaraka. Ubishi usiokwisha uingizwe jukwaani, kila upande ukipewa mhusika wake. Wengine wanahofia kwamba wapishi wengi wataharibu sanaa. Kamĩrĩĩthũ alikuwepo mwongozaji, Kĩmani Gecaũ, na wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000.

Pingamizi zito zaidi ni usalama. Serikali ilifuta kibali cha mchezo tarehe 16 Novemba 1977. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hatari hiyo si ya kubezwa. Lakini kwa kuwa mwenyeji ndiye atakayebaki mjini baada ya mtaalamu kuondoka, ana haki ya kujua mapema kitakachosemwa kwa kinywa chake, na kukikataa akipenda. Basi wanaoandaa maonyesho watenge fedha na muda wa mazoezi ya wazi kabla hawajalipia mavazi na taa.