Printa ya ofisi haina siri

Wadau, juzi nilituma kwenye printa ya chumba cha habari kurasa nne za maelezo ya mtu aliyeniomba nisimtaje jina. Karatasi zikawa zimeisha, nikaitwa kikaoni. Narudi, mtu kajaza karatasi na kurasa zangu zimelala juu ya mashine. Nani kazisoma? Mpaka leo sijui, na usingizi sina.

Jamani, printa nyingi za ofisi zinaweza kushikilia kazi mpaka mwenyewe ufike uingize namba ya siri. Yetu inayo hiyo, hakuna aliyewahi kuiwasha. (Kugombea wino ndiyo tunajua!)

Ila kazi iliyohifadhiwa inaweza kubaki kwenye diski ya mashine. Mwaka 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilinunua mashine za fotokopi zilizotumika, ikakuta humo hadi taarifa za wagonjwa. Kwa hiyo zisizochukuliwa zifutwe kila jioni, na mashine isiuzwe kabla diski haijasafishwa.

Fundi wetu anasema kuwasha namba ya siri ni dakika chache. Bosi anasema tusubiri bajeti. Bajeti ya nini?