SAA ZA WATOTO NA ZAMU ZA WAZAZI



Wengi wenu mmesikia ya kuwa huko Uingereza Serikali inalipia malezi ya watoto wadogo wa wafanyakazi. Wengine husema, "Huko ni bure kabisa." Imetupasa kuieleza habari hii sawasawa, kwa maana mtu akitaka kudai jambo mbele ya mwajiri, kwanza na alijue.

Habari yenyewe ni hii. Katika England kila mtoto wa miaka mitatu au minne ana haki ya saa 15 kwa juma katika shule ya watoto, hata kama wazazi wake hawana kazi. Tangu Septemba 2017 wazazi walio kazini walipata saa 30 kwa watoto wa umri huo. Mwezi wa Machi 2023 Serikali ilitangaza kuwa itawafikia na wachanga, na tangu Septemba 2025 saa hizo 30 zinaanzia mtoto wa miezi tisa. Scotland na Wales zina taratibu zao wenyewe.

Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini tulipime kwenye mizani.

Kwanza, saa hizo ni za majuma 38 tu kwa mwaka, yaani majuma ya shule. Jumla ni saa 1,140. Ukizigawa kwa majuma 52 ya mwaka, unapata kama saa 22 kwa juma. Je, ni nani kati yetu afanyaye kazi saa 22 kwa juma? Tena fedha ya Serikali hailipi chakula wala nepi, na mzazi aweza kudaiwa hivyo.

Pili, kuna mlango na bawabu. Kwa kawaida kila mzazi sharti apate mshahara usiopungua ule wa saa 16 kwa juma kwa kima cha chini, wala usiozidi pauni 100,000 kwa mwaka. Kila miezi mitatu sharti athibitishe tena. Basi kibarua aliyekosa kazi aweza kukosa na saa za mtoto wake, naye ndiye ahitajiye nafasi ya kwenda kutafuta kazi nyingine.

Tatu, wako ndugu zetu Wakenya, wauguzi na walezi wa wazee, wanaofanya kazi huko kwa viza zinazowakataza msaada wa fedha za umma. Wanalipa kodi kama wenzao, lakini ikiwa wazazi wote wawili wana viza ya namna hiyo, au mama yuko peke yake nayo, hawapati zile saa 30. Wengi wao hungoja mpaka mtoto afike miaka mitatu, apate zile 15 za watoto wote.

Sasa tutazame kwetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Darasa la kwanza la watoto, PP1, huanza mtoto akiwa na miaka minne. Kati ya hapo ni miaka mitatu na miezi tisa. Ni nani anayemlea mtoto muda huo wote? Ni nyanya aliyechoka, au dada mkubwa anayekosa shule, au yaya wa mshahara mdogo, au chumba kimoja mtaani chenye watoto wengi na mlezi mmoja. Mara nyingi ni mama mwenyewe, na kazi yake inakwisha hapo.

Wako wanachama wanaume wasemao haya ni mambo ya wanawake. Twawauliza: mkeo akiacha kazi, nyumba italipiwa kodi kwa mishahara mingapi? Wengine husema nchi haina fedha. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imekwisha kuwapa serikali za kaunti kazi ya elimu ya watoto wadogo na vituo vya kulea watoto. Hatuombi jambo geni. Twataka kazi iliyokwisha kuandikwa ianze kufanywa, hata kama ni kituo kimoja kimoja.

Wala tusisafirie nyota ya wenzetu. Tuchukue jema lao, tuache kosa lao. Twataka haya:

1. Vituo vya kaunti viwe karibu na mahali pa kazi na mitaa ya wafanyakazi.
2. Mtoto wa kibarua apokelewe sawa na mtoto wa mwajiriwa.
3. Saa zifuate zamu. Garimoshi halisimami saa sita mchana kungojea mtoto atoke darasani.
4. Walezi walipwe mshahara wa halali, tena wawe na chama.
5. Malezi ya watoto yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri, pamoja na mishahara na nyumba.

Kila tawi na liandike hesabu ya wanachama wenye watoto chini ya miaka minne, na zamu zao, imfikie katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Mwajiri hubishana na maneno, lakini hesabu humnyamazisha. Asiyekuwapo na lake halipo, na watoto hawa hawawezi kuja mkutanoni wenyewe.

Umoja ni nguvu.