Cheti kisitegemee mtihani mmoja



Novemba 2024 wapigakura wa Massachusetts, Marekani, waliondoa sharti la kufaulu mtihani wa jimbo uitwao MCAS ili kuhitimu sekondari, lililoanza kuwabana wahitimu wa 2003. Mimi mzazi ninayeishi huku naunga mkono uamuzi huo. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, akafaulu masomo ya shule yake, hakustahili kunyimwa cheti kwa kuwa Kiingereza bado kinampiga chenga.

Wanaohofia viwango kushuka wana hoja. Wilaya za shule, zinazotoa vyeti, zisivigawe kama njugu. Lakini mtihani bado unafanywa darasa la 10. Matokeo yake yamwonyeshe mwalimu nani asaidiwe mapema, yasimfungie mtoto mlango.

Mzazi,
Worcester, Massachusetts