Tramu Haikufa kwa Uzee

Wako wasomi wanaoliona jina la makumbusho kuwa kubwa mno kwa kazi ya watu fulani wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambao kila majira ya joto huendesha tramu za zamani juu ya reli ya maili moja hivi, jirani na ziwa Harriet. Hakuna mshahara katika kazi hiyo. Dereva, kondakta, seremala, fundi wa umeme na mpaka rangi, wote wamejitolea. Husemwa kwamba huo ni mchezo wa wazee na furaha ya watoto. Kwamba historia ya mji hukaa katika nyaraka, wala haikai katika kiti cha mbao. Na kwamba tramu ilikufa kwa uzee, na maiti haipambwi ikatembezwa. Maneno haya hutamkwa kwa upole, na upole huo ndio unaoyapitisha mlangoni bila kuulizwa hati.

Na yaulizwe. Tramu za Minneapolis na St. Paul zilikuwa mali ya kampuni iliyoitwa Twin City Rapid Transit, ambayo magari yake mengi iliyajenga yenyewe katika karakana zake. Njia zake zilifika Stillwater upande wa mashariki na ziwa Minnetonka upande wa magharibi. Mwaka 1949 kampuni iliingia katika mikono mipya, na mikono hiyo iliyapenda mabasi kuliko reli. Juni 1954 tramu ya mwisho ikarudi bandani. Reli ziling'olewa, na magari ya mbao yakatiwa moto ili chuma chake kiuzwe. Ipo picha mashuhuri ya siku zile: gari linawaka, na mbele yake amesimama Fred Ossanna, mkuu wa kampuni, anakabidhiwa hundi. Mwaka 1960 mahakama ilimtia hatiani, pamoja na wenzake, kwa udanganyifu katika uuzaji wa mali hiyo hiyo.

Je, hicho ndicho kifo cha uzee? Kampuni ilikuwa na magari mengine 141 ya namna mpya, yaliyotengenezwa katika miaka ya 1940. Hayo hayakuchomwa. Yaliuzwa Mexico City, Newark, na Shaker Heights karibu na Cleveland. Magari 30 yaliyokwenda Newark yaliendelea kubeba abiria mpaka mwaka 2001. Basi vitu vilivyohukumiwa kuwa vya wakati uliopita viliishi miaka 47 baada ya mazishi yake, katika mji mwingine wa nchi ile ile, chini ya sheria zile zile na mbele ya motokaa zile zile.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Abiria walikuwa wamekwisha kupungua. Motokaa zilikuwa zimeenea. Barabara zilijengwa kwa fedha ya umma, hali kampuni ilizitunza reli zake kwa nauli. Miji mingi ya Marekani iliziacha tramu bila ya kuwa na mshtakiwa yeyote mahakamani. Mtetezi wa tramu hana haja ya kuificha kweli hii. Lakini kudhoofika ni jambo moja, na kuuawa ni jambo la pili, na daktari anayeandika sababu ya kwanza katika cheti ili kuifunika ya pili si daktari mwaminifu.

Hapa ndipo gari namba 1300 linapoingia katika hoja. Lilijengwa mwaka 1908. Mambo yalipokwisha mwaka 1954, lilipewa kikundi cha wapenzi wa reli, na hivyo likauepuka moto. Mwaka 1962 kikaundwa chama cha kulitengeneza, na mwaka 1971 likaanza kubeba watu katika sehemu ya njia yake ya zamani. Baadaye yakafuata mengine ya jimbo hilo: namba 1239 ya mwaka 1907, namba 265 ya Duluth, na moja katika yale 141, namba 322, ambalo lilirejea nyumbani baada ya utumwa wake wa Ohio. Huko Excelsior, kando ya ziwa Minnetonka, hutembea gari jingine la Duluth lililojengwa mwaka 1893.

Mwanafunzi anayekaa na nyaraka za kampuni atajua nauli ilikuwa senti ngapi. Apande gari. Ataona ukubwa wa jukwaa la nyuma, palipopandia abiria, na umbali wa jukwaa hilo kutoka kwa dereva. Ndipo atakapofahamu kwa nini kila gari lilihitaji watu wawili, na kwa nini, mishahara ilipokuwa mzigo, mengi yaligeuzwa yaendeshwe na mmoja. Hesabu ya mishahara imechongwa katika mbao. Nyaraka huitaja hesabu hiyo, lakini ni nani huiamini kwa mwili wake?

Kuna wapinzani wengine, wenye heshima zaidi. Hawa hukubali kwamba gari lihifadhiwe, ila liwekwe ndani ya jumba, liwekewe kamba, lisiguswe. Maana kila safari hula gurudumu, na kila ubao unaobadilishwa huondoa sehemu ya gari la asili. Hoja hii ni nzito, na aliyewahi kuona mbao kuukuu zikitupwa nje ya karakana hawezi kuicheka. Walakini inasahau kwamba kuna vitu viwili vya kuhifadhi. Kimoja ni gari. Kingine ni mkono unaojua kusuka upya nyaya za mota, kumimina madini laini ya bati katika beringi, na kusikia kwa kishindo tu kwamba hewa ya breki imepungua. Mkono huo haukai nyuma ya kamba. Pwani ya Afrika ya Mashariki imekwisha lipa ada ya somo hili. Mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba, ilipotoweka baharini katika karne ya 20, vilibaki vielelezo vidogo, picha na maelezo. Na mwaka 2003 ulipojengwa mtepe mpya Unguja, kazi ilikuwa ya kufufua, si ya kuendeleza. Baina ya maneno hayo mawili imo hasara yote.

Lakini wenye kujitolea nao wasisifiwe mpaka wakalala. Safari ya maili moja chini ya miti, pamoja na kengele na kofia ya kondakta, ni tamu, na utamu una hatari yake: hupandisha abiria kwenye gari bila kumwambia mengine yaliko. Mji nao una lawama kubwa zaidi. Tarehe 26 Juni 2004, miaka 50 na siku chache baada ya tramu ya mwisho, Minneapolis ilifungua njia mpya ya treni za umeme mjini. Mwaka 2014 ikafunguliwa ya pili, kufika St. Paul, kwa kufuata barabara ya University, ambako tramu zilikuwa zikipita tangu mwaka 1890. Gharama yake ilikuwa kama dola milioni 957. Kitu kilichouzwa kwa bei ya vyuma chakavu kimenunuliwa upya kwa fedha hiyo, na wale waliolinda ujuzi wake katika miaka 50 ya katikati walikuwa wakinunua rangi kwa michango.

Nakala ya picha ile ya moto na hundi, kubwa kadiri ya mlango wa banda, inastahili kutundikwa mahali abiria wanapokatia tiketi, ili mtoto aione kabla hajaisikia kengele.