Kabla ya Kuuliza Simu, Tuulize Mnara

Siku hizi hapana jambo ambalo wazazi hutuuliza sisi walimu wa madrasa, baada ya maendeleo ya watoto wao, zaidi ya hili: "Ustadhi, tununue simu gani?" Aghlabu muulizaji huwa ameshaipenda simu yenye kamera tatu mgongoni, na analolitaka kwetu ni kuungwa mkono tu. Rai yetu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. La kwanza ni kuuliza: hapo ninapolala na hapo ninapofanyia kazi, ni mtandao upi unaoshika, na je, simu hii inaweza kuupokea? Uzuri wa kioo na wingi wa kamera ni mambo ya baadaye.

Hatusemi haya kwa kuyasoma tu. Mwaka 2023 wazazi wa madrasa yetu, iliyopo katika kijiji kimoja nje ya mji wa Pangani, walichanga shilingi 350,000 ili inunuliwe simu moja ya madrasa, watoto wakubwa wapate kusomeshwa nahau na mwalimu aliye mjini ambaye hawezi kufika kwetu isipokuwa mara moja kwa mwezi. Waliochanga wengi wao ni wavuvi na wakulima wa minazi. Sisi ndio tuliotumwa Dar es Salaam. Kariakoo tukaoneshwa simu iliyokwisha tumika, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ya daraja la juu, na bei yake ikalingana kabisa na fedha tuliyokuwa nayo. Tuliijaribu pale pale dukani, ikafungua video upesi. Tukalipa, tukarudi na furaha.

Kijijini mambo yakawa mengine. Simu ilipiga na kupokea, lakini upande wa intaneti ilionesha herufi E tu, na sauti ya mwalimu ilikatika kila baada ya maneno mawili. Tulidhani mnara ndio mbovu. Basi jioni moja akaja mlinzi wa shamba la jirani na simu yake ya bei nafuu, yenye laini ya mtandao ule ule, akakaa jamvini pamoja nasi, na simu yake ikionesha 4G bila ya tabu yoyote! Mwezi mzima ulipita kabla ya fundi mmoja wa Tanga kutufumbua macho.

Sababu ni hii. Minara hurusha mawimbi katika masafa mbalimbali. Masafa ya chini, mfano wa megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta, ndiyo maana hufaa sana vijijini ambako mnara mmoja huhudumia eneo kubwa. Masafa ya juu, kama megahezi 1800 na kuendelea, hubeba data nyingi zaidi lakini hayaendi mbali, na mahali pake hasa ni mjini penye minara mingi. Simu nayo hupokea yale tu iliyotengenezewa kuyapokea. Simu yetu ilikuwa na bendi zilizotumika Kariakoo, lakini bendi ya 20, yaani ile ya megahezi 800 iliyotumiwa na mnara wetu kwa 4G, haikuwa nayo. Hakuna mpangilio wala programu itakayoiongeza. Orodha ya bendi huandikwa katika maelezo ya kila toleo la simu, na jina moja la simu laweza kuwa na matoleo mawili au matatu yanayotofautiana kwa nchi. Muuzaji asiyeweza kukutajia toleo, aula umuache.

Ama kuuchagua mtandao wenyewe, zamani watu walifuata jamaa zao, kwani kupiga nje ya mtandao kulikuwa ghali. Hoja hiyo imepungua nguvu: ada ambayo mitandao ya Tanzania hulipana kwa dakika ya simu inayovuka ilikuwa shilingi 15.60 mwaka 2018, ikashushwa hatua kwa hatua hadi shilingi 2 mwaka 2022. Kadhalika, tangu Machi 2017 mtu aweza kuhama mtandao na namba yake ile ile. Basi azima laini za majirani, uzijaribu mahali pako, mchana na tena baada ya Isha, wakati watu wote wako mtandaoni. Mabango ya barabarani yanayotangaza 5G hayatakusaidia kitu ikiwa kwako haijafika.

Katika simu yenyewe tutataja machache. Boksi likiandika GB 8 za RAM, soma maandishi madogo. Mara nyingi ni nne za kweli na nne zilizokopwa kwenye hifadhi, na za kukopa haziendi kasi sawa na za kweli. Uliza simu itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi, kwa sababu simu ya zamani huachwa njiani: Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya 4. Na kabla ya kulipa bonyeza *#06#, uitume namba ya IMEI kwenda 15090 upate kujua kama ni simu halali. Waliofungiwa simu bandia mnamo tarehe 16 Juni 2016 wanaijua ladha yake.

Simu ile tulimuuzia mkazi wa mjini kwa shilingi 230,000, baada ya kumbainishia aibu yake. Upungufu wa shilingi 120,000 tumeubeba wenyewe, maana fedha ya wazazi ilikuwa amana mikononi mwetu, ijapokuwa baadhi yao walitaka kutusamehe. Mara ya pili wazee wawili walizunguka ua wa madrasa na laini za mitandao mitatu, ndipo ikanunuliwa simu ya kawaida ya shilingi 290,000, yenye bendi ya 20. Kamera yake ni dhaifu, na vijana wanailalamikia kila siku. Darasa la nahau lipo kila Jumanne.