KIJANA NA FEZA: Sponsa wa kwenye telefone



Mwezi huu vijana wameniletea swali ambalo wazee wengi hawalijui. Wanaona kwenye telefone kompani za ngambo zinazosema: tutakupa konti ya dola 50,000, ununue na kuuza, faida tutagawana. Kompani hizo ziko nyingi. Wanauliza: Mchungaji, tuchague ipi?

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Mukuba unaotoka kwetu hapa una bei yake London, na tena New York katika soko la COMEX, lililo chini ya CME Group ya Chicago. Kule watu wanauziana kontra, ni kusema mapatano ya bei ya leo kwa mali itakayotolewa mwezi wa mbele. Kontra moja kubwa ya mukuba ni ratili 25,000, zaidi ya tone 11. Lakini hawa tunaosema juu yao hawangoji mukuba. Wananunua asubuhi, wanauza siku ile ile, wakitafuta faida bei inapopanda na kushuka.

Sasa tuangalie kompani. Munajua sponsa wa shimo kule Kolwezi. Analeta feza ya chakula, ya kamba na ya pampu. Jiwe likitoka, anatwaa sehemu yake. Jiwe likikosekana, feza yake imepotea. Sponsa wa kwenye telefone anafanya kinyume: ni wewe unayemulipa kwanza. Unalipa mtihani, mara nyingi kila mwezi. Ukianguka, unalipa tena kuanza upya. Ukishinda, wengine wanadai malipo ya kufungua konti. Na katika kompani nyingi, hata nyuma ya kushinda, konti inabaki ya kuigiza tu. Feza wanayokulipa inatoka katika mufuko wa kompani, na mufuko ule unajazwa sana na malipo ya wale walioanguka.

Tena ile 50,000 si 50,000. Mara nyingi wanaweka mupaka wa hasara wa dola 2,000. Ukiufikia, konti inafungwa. Basi uko na 2,000 tu. Kwa kontra kubwa ya mukuba, bei ikisogea senti moja kwa ratili, ni dola 250. Senti nane, umekwisha. Na bei ya mukuba inaweza kusogea senti nane katika asubuhi moja.

Kama bado unataka kuchagua, usifuate uzuri wa matangazo. Mchimbaji mwenye akili, mbele ya kupeleka mifuko depo, anauliza mizani ya nani iko sawa na nani anapima tenere. Wewe vilevile soma masharti yote, uulize hivi:

1. Wanapokea mtu anayekaa Congo? Kompani zingine zinakataa inchi yetu. Wengine wanagundua nyuma ya kulipa.

2. Mupaka wa hasara unapanda namna gani? Ukianza na 50,000, mupaka iko 48,000. Ukifika 51,500, mupaka unapanda kuwa 49,500. Ukirudi pale, umetoka, hata kama umepoteza 500 tu ya mwanzo. Kompani inayohesabu jioni, soko likifungwa, ni afazali kuliko ile inayohesabu kila dakika.

3. Siku gani wanalipa, kwa njia gani, na shurti faida ya siku moja isipite kiasi gani? Sheria hii inazuia wengi kutoa feza.

4. Wanaruhusu kontra ndogo? Ile ndogo ya mukuba ni ratili 2,500, senti moja ni dola 25. Hapo mutu anaweza kukosea na kubaki.

Lakini kompani nzuri haigeuzi kazi ngumu kuwa rahisi. Huko Brezili watu wa elimu walifuata wale walioanza kuuza kontra za namna hii kati ya mwaka 2013 na 2015, kwa feza yao wenyewe. Kwa wale walioendelea zaidi ya siku 300, 97 kwa 100 walipata hasara. Mutu 1 tu kwa 100, hivi, alipata zaidi ya mushahara wa chini kabisa wa inchi ile.

Yesu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anaikaa kwanza, anahesabu garama (Luka 14:28). Basi, kijana, jaribu kwanza miezi sita kwenye konti ya kuigiza isiyolipwa, uandike kila siku katika kaye faida na hasara. Kaye itakuambia ukweli kuliko matangazo. Na feza ya masomo, ya kodi ya nyumba, ao ile mama aliyopata kwa kuuza unga sokoni, usiiguse hata siku moja. Ile imekwisha kuwa na kazi yake.

Wazazi, musifokee watoto wenu. Muikae nao, muwaombe wawaonyeshe masharti kwenye telefone, musome pamoja. Wengi wanalipa kwa siri sababu wanaogopa kuuliza nyumbani.

Bwana awape akili na uvumilivu.