Miaka 60 ya Paa ya Paa: Mgeni Apewe Burashi

Mwaka 1965, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imetoka kupata uhuru wake, kundi la wasanii na waandishi lilifungua nyumba ya sanaa jijini Nairobi na kuiita Paa ya Paa. Walikuwamo mchoraji Elimo Njau, mwandishi Rebeka Njau, mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno. Wakati huo biashara ya picha jijini ilikuwa mikononi mwa Wazungu, na Mwafrika aliyeingia katika majumba yao mara nyingi alikuwa ni wa kufagia. Leo, baada ya miaka 60, nyumba hiyo inastahili pongezi za Afrika Mashariki nzima.

Pongezi zetu za kwanza si za picha zilizotundikwa ukutani. Ni za milango iliyoachwa wazi. Tangu mwanzo waasisi hawa walikataa kwamba mgeni aje, atazame kimya, anunue akiweza, kisha aende zake. Paa ya Paa ilikuwa mahali pa kuchora, kuchonga, kusoma mashairi, kuigiza na kubishana. Mtoto wa shule aliyefika pale alipewa rangi. Mgeni kutoka ng'ambo naye alikaa chini pamoja na wenyeji akachafua mikono.

Njau alikuwa na sababu ya kushikilia jambo hilo. Alizaliwa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, akasomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani, katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, maisha ya Yesu akiwa Mwafrika, katika vilima na migomba ambayo muumini aliiona kila siku akitoka nyumbani kwake. Kwa wakati ule huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Mtu aliyethubutu hivyo asingeweza kuwafundisha vijana kunakili kadi za posta. Ndiyo maana msemo wake mashuhuri, kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi, ukawa kaulimbiu ya nyumba nzima.

Tunaamini msemo huo ndio unaoeleza vyema thamani ya warsha ambamo mgeni hufanya kazi kwa mikono yake mwenyewe badala ya kutazama tu. Anayetazama batiki dukani huona kitambaa kizuri na bei yake. Aliyewahi kushika nta ya moto, akaidondosha pasipotakiwa, akalazimika kuugeuza mchoro wake wote ili lile doa lipate kazi, hawezi tena kuitazama batiki kwa macho yale yale. Sasa anajua ni saa ngapi zimo ndani yake. Akiambiwa bei hatashangaa, na huenda akaona kwamba msanii amejipunja. Wasanii wetu wanahitaji wanunuzi wa aina hiyo kuliko hotuba za kuwasifu. Na katika kila kundi la watoto thelathini wanaofinyanga udongo, yupo mmoja ambaye hataki kuondoka saa ya basi ikifika. Huyo ndiye anayetafutwa.

Si ndoto. Dar es Salaam, katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972, George Lilanga aliingia kama mlinzi. Kwa kuwa ilikuwa nyumba ya kazi na zana zilikuwa karibu, mlinzi akawa msanii mashuhuri, na kazi zake zikafika Ulaya, Marekani na Japani. Je, ingekuwaje kama angekuwa analinda jumba la kutazama tu?

Yaliyoikuta Paa ya Paa mwaka 1997 yangeweza kuwa mwisho wake. Moto uliteketeza jengo kuu kule Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu, pamoja na kazi za sanaa zilizokusanywa kwa miongo mitatu. Elimo Njau na mkewe Phillda hawakufunga. Kazi iliendelea bustanini, kati ya vinyago na miti. Nyumba iliyojengwa juu ya mikusanyo peke yake ingekufa siku ile, lakini hii ilikuwa imejengwa juu ya watu wanaokuja kufanya kazi, na watu hawakuungua.

Hata hivyo, uvumilivu wa familia moja si sera. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, na mtaala wa umilisi umeifanya sanaa kuwa somo darasani na mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Sheria na mtaala vipo. Kinachokosekana ni fedha za kulipia udongo, rangi, wino na nauli ya wanafunzi. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyotulelea akina Lilanga, haipo tena mahali pake pa zamani. Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008, inaendeleza kazi hiyo Mikocheni, nayo isiachwe ihangaike peke yake.

Tunazitaka serikali za kaunti zitenge fungu la warsha za sanaa katika bajeti ijayo. Nanyi walimu na wazazi, msingoje bajeti. Muhula huu pangeni ziara moja ya nyumba ya sanaa iliyo karibu nanyi, na kabla ya kulipa kiingilio ulizeni kama watoto watapewa kazi ya kufanya kwa mikono yao.